Mama Alinitangulia Kuacha Tumbaku

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu hunirudia kama ya jana. Nilikuwa nyuma ya jiko la hospitali, pale mjini Singida, nimeegemea ukuta, magongo yangu mawili nimeyalaza chini, mguu wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. Siku tatu kabla ya hapo daktari alikuwa ameniondoa vidole viwili vya mguu huo, kile kidogo na kinachofuata. Na mimi nilikuwa navuta sigara.

Usinicheke bado. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ya cherehani kule kwetu Mtinko. Sigara yenyewe niliiomba kwa mlinzi wa geti, nikamdanganya kwamba nimetumwa na mgonjwa mwenzangu. Kutoka wodini hadi pale nyuma ya jiko hapakuwa mbali, lakini kwa magongo nilitumia muda mrefu, na maumivu yalikuwa yananipanda mpaka kwenye paja. Nilipovuta mara ya kwanza nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, mama alikuwa mbele yangu. Alikuwa amepanda basi la kwanza kutoka Mtinko akiwa na chupa ya uji wa uwele kwenye kikapu. Wodini walimwambia nimetoka kuota jua, naye akazunguka majengo yote mpaka akanipata. Aliutazama mguu, akaitazama sigara, halafu akanitazama mimi.

"Jumanne," akasema, "ndio mguu wako huo unaouvuta?"

Niliona aibu, mwanangu, na aibu ile ikatoka mdomoni kwa sura ya hasira. Nikamjibu, "Na ugoro wako je? Mbona mimi sijawahi kukuuliza?"

Mama alikuwa ananusa ugoro tangu kabla sijazaliwa. Kikopo chake kidogo cha bati kilikuwa hakitoki kwenye pindo la kanga. Alinimiminia uji, akasubiri nimalize, akaniokotea magongo, tukarudi wodini taratibu, yeye mbele mimi nyuma. Ningefurahi zaidi kama angenichapa kibao.

Sasa nikueleze nilivyofika pale.

Nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na minane, nilipokuwa najifunza ushonaji kwa fundi mmoja mjini. Hakuna aliyenilazimisha. Fundi alikuwa anavuta, wateja wake wengi walikuwa wanavuta, nami nikaona mwanaume aliyekaa mbele ya cherehani bila sigara anaonekana kama mwanafunzi. Nilitaka nionekane fundi. Basi, ni hilo tu. Ukitafuta sababu kubwa kuliko hiyo hutaipata. Nilipofika miaka thelathini nilikuwa nawasha ya kwanza kabla sijanawa uso. Mwezi wa Ramadhani nilifunga vizuri mchana kutwa, lakini adhana ya magharibi ikilia nilikuwa nawasha sigara kabla hata ya kugusa maji.

Ugonjwa ulianza kwa ubaridi. Unyayo wa kulia ukawa wa baridi hata jua likiwa kali. Halafu nikitembea kutoka nyumbani kwenda gulioni, shavu la mguu linakaza, nasimama, linaachia, naendelea. Nikasema ni uchovu. Jirani mmoja akasema nimetupiwa kitu na watu wenye wivu na cherehani yangu, nikaenda kwa mganga nikachanjwa chale. Baadaye kikatokea kidonda kwenye kidole kidogo, hakikauki, na kidole chenyewe kikaanza kuwa cheusi kama kimeungua. Ukumbuke, mguu huo ndio ninaokanyagia cherehani.

Daktari alikuwa mama mmoja kijana, mpole, lakini hakunizungusha. "Mishipa inayopeleka damu mguuni inaziba," akaniambia, "na kinachoiziba ni sigara. Tutaondoa hivi viwili. Ukiendelea kuvuta utarudi hapa, na safari hiyo hatutaongelea vidole." Nilimwapia kwamba nimeacha. Na siku ile naapa nilikuwa namaanisha kabisa. Hayo niliyokusimulia ya nyuma ya jiko yalitokea siku tatu tu baada ya kukatwa.

Nilirudi nyumbani. Wiki ya pili, alasiri moja, mama akaja kwangu. Yeye alikuwa anakaa nyumba ya pili, ng'ambo ya shamba la alizeti. Alimsalimia mke wangu Zainabu, akaketi, akafungua pindo la kanga, akatoa kile kikopo.

"Nimelifikiria neno lako la hospitali," akasema. "Mtoto hamwambii mama yake vile. Lakini neno lenyewe ni kweli."

Akaenda jikoni, akaumwaga ugoro wote kwenye moto. Zainabu alipiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Mama akarudi akasema, "Mimi nimeacha leo. Na wewe acha na mimi. Tuone."

Alikuwa na miaka kama sabini. Hebu fikiria, mwanangu, mtu wa umri ule.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa nimesimama nyuma ya zizi la ng'ombe na sigara mkononi. Nikajiambia ni moja tu. Kesho yake moja tu. Nikawa fundi wa kujificha kuliko nilivyokuwa fundi wa nguo. Nilitafuna majani ya mpera, nilisugua vidole kwa majivu, nilibadilisha shati kabla ya kuingia ndani. Na mama akiniuliza, "Unaendeleaje?" nilimjibu, "Namshukuru Mungu, mama, nimeacha." Alifurahi sana. Aliwatangazia wanawake wenzake msikitini kwamba Jumanne wake ameacha sigara. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kunipongeza, nami nawashika mkono.

Mguu lakini haukudanganyika. Mwezi wa pili kidole cha katikati kikaanza kuwa baridi. Nikivua soksi nilikuwa natazama pembeni.

Siku moja mchana nilikwenda kwa mama kumpelekea gauni nililomrekebishia. Nilikuta mlango uko wazi, nikaingia bila kubisha hodi kwa sababu mikono imeshika magongo na gauni. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, ameinama. Kile kikopo cha bati kilikuwa mkononi, amekiweka puani, anavuta pumzi ndefu.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alishtuka. Akakifunika haraka kwa kanga, kisha akaona haina maana, akakitoa. "Marahaba. Hakina kitu, mwanangu, angalia. Nanusa bati tu." Akanigeuzia kikopo nione. Kilikuwa kitupu, kimesuguliwa kinang'aa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kichwa kinaniuma miezi miwili hii. Usingizi sina. Kuku nawafokea, majirani nawafokea. Kila siku nasema leo nakwenda kununua. Halafu nakumbuka wewe mwenye mguu mbovu umeweza, naona aibu. Kama si wewe ningekuwa nimeshindwa zamani."

Mwanangu, nimekatwa vidole viwili, lakini maumivu ya siku ile kwa mama sijayapata tena. Yeye alikuwa ameshikilia uongo wangu, na uongo ule ulikuwa umemsimamisha miezi miwili.

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia yote. Nyuma ya zizi, majani ya mpera, majivu, na kidole cha katikati. Nilipomaliza sikumtazama. Nilisubiri kilio au laana, na laana ya mama unajua uzito wake.

Alikiweka kikopo chini. Kisha akasema kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akitaka jambo liingie, "Kumbe muda wote huu nilikuwa naacha peke yangu."

"Nisamehe mama."

"Nimekusikia." Akajifuta macho. Kisha, mwanangu, akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo, kama mtu anayeshangaa. "Basi nina nguvu kuliko nilivyodhani," akasema. "Haya, lete hizo sigara. Unaanza leo. Mimi nimeshapita huko, nitakuonyesha panapouma."

Na kweli alinionyesha. Siku ya pili na ya tatu, alisema, ndizo mbaya kuliko zote, kwa hiyo siku hizo usigombane na mtu na usifanye uamuzi wowote. Hamu inakuja kwa nguvu, lakini haikai, ukitoka ukachota maji ukarudi unakuta imepungua. Asubuhi usikae bila kazi mkononi. Alikuja kwangu kila siku baada ya sala ya alfajiri, akakaa kando ya cherehani akinishonea vifungo, japo macho yake yalikuwa yameshachoka na vifungo vingine ilibidi nivirudie akishaondoka. Zainabu alinikaangia mbegu za alizeti, nikawa nazitafuna mchana kutwa kama kasuku. Cherehani yenyewe niliihamisha. Mwanzo ilikuwa karibu na banda la chai wanapokaa wavutaji, nikaipeleka upande wa wauza vitunguu. Wateja waliniuliza kwa nini, nami nikawaambia ukweli: naacha sigara, nimeshindwa mara ya kwanza, sasa najaribu tena.

Nilianguka mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yangu, mara ya pili nilipofiwa na rafiki. Zote mbili nilikwenda kwa mama siku hiyo hiyo nikamwambia. Ya kwanza alinifokea. Ya pili aliniuliza tu, "Umekula?" akanipakulia ugali na mlenda. Baada ya hapo sikuvuta tena.

Nilipokwenda kumwona yule daktari, mama alinisindikiza. Daktari aliushika mguu, akaubonyeza, akatafuta mapigo kwenye kifundo muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Mguu una joto." Neno hilo tu. Kidole cha katikati kilipoteza ukucha lakini kilibaki, na kipo hadi leo. Mama aliuliza kama ni lazima kurudi kukatwa tena. Daktari akasema hapana, asipovuta. Mama akamjibu, "Havuti. Safari hii najua mwenyewe."

Leo nina miaka sitini na mitatu. Sitembei haraka, na siku za baridi ya mwezi wa saba mguu unanikumbusha umri wangu. Kifua nacho hakikurudi kuwa kipya, nikipanda kilima napumzika katikati. Lakini nakanyaga cherehani mwenyewe, na mwaka huu nimeshona sare za wajukuu zangu wote. Mama aliishi miaka kumi na minne baada ya siku ile. Hakugusa ugoro tena, na alipofariki, mimi ni mmoja wa waliolibeba jeneza lake mpaka makaburini, kwa miguu yangu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikiamka. Na sitakuficha: zipo siku, mara chache, mtu akiwasha karibu nami asubuhi yenye ubaridi, mwili unakumbuka. Nauacha ukumbuke, naendelea na kazi.

Sasa sikia ninachotaka ubaki nacho. Kama hujaanza kuvuta, usianze ili uonekane mtu fulani. Hao unaotaka wakuone wanakutazama kidogo sana, kisha wanakwenda zao. Kama umeanza, usinitazame ukadhani nitakusema. Najua inavyoshika. Najua mtu anaweza kukatwa kiungo na bado akaitamani, na huyo si mwendawazimu, ni mtu anayehitaji wenzake. Nenda hospitali mapema, hata kwa kidole tu, kabla ya kuzunguka kwa waganga kama mimi. Waambie wahudumu wa afya unavuta kiasi gani, usipunguze hesabu. Kisha mtafute mtu mmoja anayekupenda, umwambie umeamua kuacha, na siku utakayoshindwa umwambie pia. Kushindwa kwangu hakukuniumiza sana, mwanangu. Kilichotaka kuniua ni kujificha. Ukivuta nyuma ya zizi, ukirudi ndani unasema umeacha, hapo hakuna wa kukusaidia, maana wote wanadhani umepona.

Na anayekukemea ukiwa umekosa, hata kama na yeye ana kasoro yake, usimrudishie. Huenda analichukua neno lako kwa uzito kuliko unavyolichukua wewe.

Mungu akupe afya ya kuwazika wazazi wako wakiwa wazee, na ya kuwaona wajukuu wako wakikua. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na wewe akupe moyo wa kuwaambia wao. Ukitoka uende salama, ukirudi uwakute wako wazima. Amina.