Nilimpa Mwenyekiti Daftari la Makosa Yetu

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Nafula alipoteza nyumba yake kwa sababu ya mwandiko wangu.

Niliacha shule darasa la saba nikawa mtu wa kuzurura: leo Kitale napakia mahindi, kesho Bungoma nachoma matofali. Nilitaka kujua kila kitu. Ndiyo maana nilijiunga na chama kidogo cha kutetea wafanyakazi, watu kumi na wawili tukikutana nyuma ya duka la fundi cherehani, Kanduyi. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nilifanywa katibu.

Tulikuwa na desturi. Kabla ya kufunga mkutano, kila mtu alisimama akajikosoa mbele ya wenzake, nami nikaandika. Mwenyekiti peke yake hakuwahi kusimama. Niliona, nikanyamaza.

Siku moja akasimama Nafula, mama anayepalilia miwa Kabuchai. "Kosa langu ni woga. Mzee wangu anadhani niko kwa maombi ya akina mama. Akijua ni siasa, atanifukuza."

Tulicheka kidogo. Nikaandika.

Mkutano uliofuata akauliza, "Komredi mwenyekiti, si tuko na katiba? Mbona hatujawahi kupigia hicho kiti chako kura?"

"Swali zuri, mama," akajibu akitabasamu. Watu walipotoka akaniambia, "Katibu, niachie hilo daftari. Nataka kulisoma tu."

Haki ya Mungu nilijua halitaki kwa kusoma tu. Lakini aliniita katibu, na maishani sikuwa nimewahi kuitwa chochote. Nikampa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mgeni, mwanamume kimya, kofia magotini. Nafula aliingia, akamwona, akasimama pale pale mlangoni. Mwenyekiti akafungua daftari, akasoma ukurasa wa Nafula polepole, kwa sauti ya upole kabisa.

Mume akainuka. "Twende nyumbani," akasema.

Hakuna komredi aliyefungua mdomo. Hata mimi.

Sasa Nafula anauza mboga Kitale. Watoto wamebaki Kabuchai. Nilipoenda kumwomba msamaha, aliendelea kufunga mafungu yake ya sukuma wiki.

"Na wewe bana, yako si uliandika pia?"

Niliandika. Ukurasa wa tisa.

Wewe unayesoma, ukiambiwa ujikosoe, angalia kwanza kama kiongozi naye anasimama. Uliza daftari linalala kwa nani.

Jana mwenyekiti alinipigia simu. "Katibu, umepotea. Jumamosi kuna mkutano. Tutakuwa na mgeni."