Injini Kwetu, Boti Kwao

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa nasukuma kigari cha mtoto katikati ya mji wetu, na ndani ya kile kigari hakukuwa na mtoto.

Kulikuwa na injini ya boti.

Nilikuwa nimeivingirisha blanketi la rangi ya waridi, na juu nimeivika kikofia cha sufu. Magurudumu yanalia kama yanakata roho. Jasho linanitoka mpaka kwenye soksi.

Nikajisemea moyoni, Vitaly, kaza mwendo, tazama mbele, wewe ni babu unamtembeza mjukuu.

Nikakunja kona ya duka la mikate. Uso kwa uso na Bibi Glafira.

"Jamani, Vitaly! Mmepata mjukuu?"

"Wa binamu yangu, bibi. Wametoka Samara."

"Mbona ananuka petroli?"

"Baba yake dereva."

Bibi akainama. Nilitamani ardhi ipasuke. Akafunua blanketi kidogo kwa kidole, akakuta kabureta inamtazama.

Akaangalia tena.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni wa marehemu Yefim."

Kisha akamfunika vizuri, akampigapiga mgongoni. "Asipate baridi," akasema, akaenda zake kununua mkate.

Sasa mtaniuliza, mzee mzima na ndevu zako, imekuwaje?

Iko hivi.

Mzee Yefim alikuwa baba mkwe wangu. Mtu wa mto. Alikuwa na boti ya alumini ya tangu enzi za Wasovieti na injini ya kufunga nyuma, na kwenye mto Volga wote wa kwetu hakuna aliyekuwa hamjui kwa mlio wa injini yake. Binti zake ni wawili: Alevtina, mke wangu, na mdogo wake Rimma, ambaye ameolewa na Rinat.

Kwa hiyo mimi na Rinat ni wanyumba, tumeoa tumbo moja. Na zaidi ya hapo tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kuvua pamoja, kunywa pamoja, kudanganya ukubwa wa samaki pamoja.

Mzee akafariki. Siku ya chakula cha arobaini, wageni bado wako mezani, dada wawili wakaanza kuulizana baba alimpenda nani zaidi. Kutoka hapo wakahamia nani alifundishwa kwanza kuendesha boti. Kutoka hapo, sahani zikaruka.

Alevtina alitoka uani, boti ilipokuwa, na mtandio wake mweusi wa msiba, akafungua vibano vya injini kwa mikono yake, akaibeba.

"Boti chukua wewe," akamwambia mdogo wake. "Tuone itakwenda na nini."

"Na wewe chukua injini," Rimma akajibu. "Tuone utaifunga kwenye sufuria gani."

Basi. Injini ikaja kukaa stoo kwetu, kati ya mitungi ya matango ya chumvi na ya uyoga, imefunikwa gunia. Boti ikaenda kulala bustanini kwa Rimma, na majira ya joto akapanda nyanya ndani yake.

Nyanya, jamani. Ndani ya boti.

Mke wangu akaniwekea sheria. "Siku nitakayokuona na mume wa Rimma, beba godoro lako mkaishi wote."

Rinat naye akawekewa sheria hiyohiyo.

Mwaka wa kwanza tukavumilia. Tukikutana sokoni, kila mtu anatazama viazi. Mwaka wa pili tukaanza kukonyezana. Mwaka wa tatu nikamkuta kwenye bafu la mvuke la mji, sehemu ambayo hakuna mwanamke wa kutuona. Amekaa benchi la juu kabisa, amekuwa mwekundu kama kiazisukari.

"Mwanyumba," akaninong'oneza kwenye mvuke, "nyanya mwaka huu hazikuota."

"Pole."

"Sio pole. Nimemwambia Rimma boti inaharibu udongo. Nimeihamishia kwenye gereji ya kaka yangu. Amekubali bila hata neno moja."

Tukatazamana.

"Iko tupu?" nikauliza.

"Tupu kabisa. Inalia inataka injini."

Na hapo ndipo kigari kilipoingia.

Stoo niliacha kiini macho. Chini ya lile gunia niliweka ndoo, na juu ya ndoo mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Ukisimama mlangoni ungeapa ni injini. Tatizo lilikuwa moja tu: Alevtina akiingia kuchukua matango na kugusa lile gunia, kimenuka.

Lakini bahati yangu ilikuwa ya ajabu. Msimu huo wote hakuingia.

"Vitaly, kaniletee matango."

"Vitaly, kaniletee uyoga."

Nikadhani ni magoti yake. Nikamhurumia. Naenda mbio kama kijana.

Gerejini kazi ilikuwa si ya kitoto. Kwanza tuliiweka boti juu ya viunzi vya mbao, tukaijaza maji ndani. Maana ukitaka kujua boti inapovuja, usiitie mtoni, tia mto ndani yake. Tukalala chini na chaki, kila tone linapochungulia tunaweka alama. Tulipomaliza, tumbo la boti lilikuwa na madoa kama mtu mwenye surua.

"Ribiti zote za kushikilia bati zimelegea," nikasema.

"Sio zote. Hizi hapa ziko imara," Rinat akasema kwa majivuno. "Hizi niliziweka mimi, mzee akiwa hai. Skrubu za shaba. Kitu cha maana."

Nikaishika moja. Ikatoka na kipande cha boti.

"Rinat."

"Nini?"

"Shaba ukiikutanisha na alumini ndani ya maji, alumini inaliwa kama sukari kwenye chai. Umeitoboa boti ya marehemu, we mtu!"

Akaigeuzageuza ile skrubu mkononi. "Ndio maana mzee siku za mwisho alikuwa ananiita mchwa."

Tukatoa shaba yote. Tukaparua rangi ya zamani mpaka tukakutana na bati lenyewe, likang'aa kama limeoga. Palipoliwa tukaweka viraka. Ribiti mpya tulizigonga wawili: mmoja ndani ameshikilia chuma kizito, mwingine nje na nyundo. Rinat akiwa na nyundo anaimba. Mimi niko ndani, kichwa kinageuka kengele.

Injini ndiyo ilitutia adabu. Kabureta ilikuwa imejaa utando wa kijani kama bwawa. Plagi nyeusi tii. Kile kipangaboi cha mpira kinachovuta maji ya kupooza injini kilikuwa kigumu kama biskuti ya jeshini, na kipya hakikupatikana mji mzima. Tulijaribu kuwasha injini ndani ya pipa la maji. Yaani tulivuta kamba kwa zamu mpaka mabega yakakataa, injini ikatoa kikohozi kimoja tu na moshi wa bluu, ikalala.

Nikarudi nyumbani nimekata tamaa. Mezani Alevtina akanimiminia supu, akasema bila kuniangalia:

"Leo sokoni nimeona mzee mmoja ametandaza vyuma vyuma pale nyuma ya wauza asali. Mipira ya pampu, mambo gani sijui. Upuuzi mtupu."

Nikamaliza supu kwa vijiko vitatu.

Kesho yake mpira tunao. Unaingia kama umezaliwa pale. Nikamwambia Rinat, mke wangu hajui hata alichoniambia, maskini. Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Cheka, Vitaly. Cheka sana.

Jumapili ya uzinduzi ikafika. Mimi niliaga naenda msituni kuchuma uyoga, na kikapu nikabeba. Rinat aliaga anakwenda kumsaidia kaka yake kuezeka. Alevtina akanijibu bila kugeuka, "Nenda tu, mimi nina kwaya leo." Ana kwaya kila Jumapili, huyo mwanamke, na sijawahi kumsikia akiimba.

Tukaiteremsha boti nyuma ya ghala la zamani, mahali pasipo watu. Ikakaa juu ya maji. Tukainama sakafuni kutafuta uvujaji.

Kavu.

Rinat akavua kofia. "Mzee Yefim," akasema, "tusamehe kuhusu shaba."

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Kikohozi. Nikavuta kwa hasira za miaka yote niliyotazama viazi sokoni, na jamani, iliwaka! Ule mlio! Korongo wakaruka, boti ikainua pua, maji yakapasuka pande zote mbili. Rinat kakaa mbele na mdomo wazi, wadudu wanaingia, wala hajali. Mimi machozi yananitoka. Nilimwambia ni upepo.

Tulikwenda hadi karibu na kile kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya mji, mto unakoteremkia. Na hapo, kwa vile nilikuwa nataka kujionyesha, nikakata kona karibu mno na ufukwe.

Kwaa!

Kisiki. Injini ikaanza kupiga kelele bure, propela haizunguki. Pini inayoishika propela imekatika. Mkondo ukatuchukua taratibu, tukaanza kuelekea kisiwani tukipiga maji kwa mikono kama bata.

"Unasikia?" Rinat akauliza.

Nilisikia. Watu wanaimba. Na moshi wa mishikaki.

Tukavuta boti mchangani, tukapita vichaka, tukatokeza.

Wanawake wawili wamekaa juu ya mkeka na nguo za kuogelea. Moto unawaka. Pai ya samaki, nyanya, vitunguu, chupa imepozwa majini. Wanaimba sauti mbili, ya juu na ya chini, na wanaimba vizuri.

Alevtina na Rimma.

Kwaya.

Rinat akajificha nyuma yangu, na yeye ndiye mnene.

"Mmechelewa," Rimma akasema. "Tuliwasikia tangu kule ghalani. Dada, nilikwambia watakigonga kile kisiki au sikukwambia?"

"Ulisema," Alevtina akajibu, akageuza mshikaki.

"Nyinyi… mnaongea?" nikauliza kama zuzu.

"Tangu mwaka wa kwanza," mke wangu akasema. "Tulikutana kwa daktari wa meno. Huwezi kumchukia mtu ukiwa umefungua mdomo hivyo. Tukacheka, yakaisha."

"Yakaisha? Sasa mbona mimi nimetazama viazi miaka yote hii!"

"Kaa chini, shemeji, usipasuke," Rimma akasema. "Fikiria mwenyewe. Kabla ya ugomvi Jumapili zetu zilikuwaje? Nyinyi mnarudi na ndoo ya samaki wadogo, sisi tunaparua magamba mpaka usiku, mnalewa, mnaimba, tunaosha vyombo. Baada ya ugomvi?"

Alevtina akahesabu kwa vidole. "Samaki hakuna. Kelele hakuna. Kila Jumapili mjukuu wa Bibi Glafira anatuvusha mpaka hapa kimyakimya. Na mume wangu ananihurumia kwa sababu nina mdogo wangu katili, basi anaosha vyombo mwenyewe."

"Na wangu anapiga pasi," Rimma akasema.

Nikamgeukia Rinat. "Unapiga pasi?"

Akatazama mto.

"Na shangazi Klavdia," Alevtina akaendelea. "Kila mwaka alikuwa anakuja na masanduku yake na paka wake kukaa mwezi mzima. Tangu tugombane hajakanyaga. Anasema nyumba zetu zina mkosi."

Hapo, kusema kweli, hata mimi niliona ugomvi una faida.

"Na injini mlijuaje?" Rinat akauliza kwa sauti ndogo.

"Mashati," Rimma akasema. "Mimi nafua, dada anafua. Yananuka petroli ileile, mafuta yaleyale."

"Na mimi stoo nimeingia mara moja tu," Alevtina akasema. "Nikaona ile ndoo yako. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Baada ya hapo sikuthubutu tena, nisije nikafa. Ndio maana nilikuwa nakutuma matango. Na mpira wa pampu ulikuwa unautaja usingizini, nikamtafuta yule mzee wiki nzima, we unadhani mpira unadondoka tu sokoni?"

Akaweka mshikaki chini.

"Inakwenda vizuri?" akauliza, na sauti yake ikawa nyingine, ya chini. Ya binti wa Yefim.

"Inakwenda kama zamani," nikamwambia.

Akainuka. Akachukua msumari kwenye ubao wa kuni, akaupima, akaukata na koleo letu, akaupachika mahali pa pini. Rimma akasukuma boti na kurukia ndani. Alevtina akavuta kamba.

Mara moja tu. Ikawaka.

"Sahani ziko pale!" Rimma akapiga kelele. Wakaondoka.

Tulisimama mchangani kama nguzo mbili. Walikata kona ambayo mimi singeithubutu, wakapita kulia mwa kile kisiki wakiendesha kwa mkono mmoja, nywele zinapepea, wanacheka kama wasichana wa shule. Rinat akainamisha sikio.

"Silinda ya chini imetulia," akasema.

"Imetulia," nikasema.

Tukaenda kuosha sahani.

Jioni tulirudi wote wanne kwenye boti moja, tumeshiba, tunaimba, Rinat anaharibu sauti ya chini. Tulipoanza kuona mapaa ya mji na watu gatini, Alevtina akapunguza mwendo.

"Haya, nyamazeni. Mtu akituona tunacheka, shangazi Klavdia atakuwa amekata tiketi kabla hatujafunga kamba. Nuneni."

Sote wanne tukanuna. Rimma akageukia kushoto, mke wangu kulia, mimi na Rinat tukatazama sakafu. Tulifika gatini na sura za msiba, na mzee mmoja mvuvi akatikisa kichwa akasema, "Maskini, mpaka leo hawajapatana."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, la kujifunza ni hili tu. Ukiona watu wawili wamenuniana miaka na miaka, na wote wawili wananawiri, usijipe kazi ya kuwapatanisha.

Fua mashati yako mwenyewe, na uulize kwaya inaimbia wapi.