Punguza na Mreteni wa Pili

Mume wangu ni kinyozi, na jina lake mtaani ni Punguza. Hakujipa mwenyewe. Kila anayeketi kwenye kile kiti chake cha kuzunguka husema maneno yale yale, "Punguza kidogo tu," naye hujibu, "Kidogo tu, ondoa shaka," kisha robo saa baadaye mteja anainuka na para linalong'aa. Si ukorofi. Akiona upande wa kushoto umezidi, anaufuata. Akishaufuata, wa kulia nao unazidi. Mkono wake haujui kusimama mpaka kichwa kiwe laini kama yai. Wateja wananung'unika, wanacheka, na mwezi ukiisha wanarudi. Ni mwaka wa ishirini na sita huu. Mimi niliolewa nikijua, na nywele zangu hazijawahi kuguswa na mkasi wake.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani natia chumvi. Huyu ninayemsifu namjua kasoro zake zote, nimezifua na kuzipiga pasi.

Nyuma ya chumba chake cha kazi kuna ua wa saruji, na uani kuna meza ndefu yenye vyungu kumi na vitatu. Ndani ya kila chungu mna mti usiozidi urefu wa goti. Mambo haya ya bonsai, kukuza mti mzima ukabaki mfupi chunguni, alifundishwa na bwana shamba mmoja mstaafu, mteja wake, ambaye siku moja alikuja kunyolewa akiwa amepakata mti mzima ndani ya sinia la udongo, kwa sababu aliogopa kuuacha kwenye baiskeli. Mume wangu aliposikia kwamba mti ule unakatwa kila mwaka na haulalamiki, alipagawa. Alipata kichwa ambacho hakitamwambia basi.

Sasa nije kwa shemeji. Shemeji ni kaka yake mkubwa, mvunja mawe machimboni, mtu wa maneno ya kuhesabika. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea mume wangu, ndiye aliyempa mkasi wake wa kwanza, na kichwa cha kwanza ambacho mume wangu alijifunzia kunyoa ni cha shemeji. Nimesimuliwa kwamba siku ile alitoka amenyonyoka kama kuku aliyenyonyolewa nusu, akaenda kazini hivyo hivyo, na aliyecheka aliulizwa kama ana la ziada.

Machimboni, juu kabisa ya ukuta wa mwamba, kulikuwa na mireteni miwili. Mreteni ni mti wa mlimani, majani yake madogo yamelaliana kama magamba, na ukiuvunja kijiti unanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Ile miwili ilikuwa imebanwa kwenye nyufa kwa miaka mingi hata ikakataa kurefuka, ikajisokota tu. Upande mmoja wa shina ulikuwa umekufa, mti mtupu mweupe kama mfupa. Upande wa pili ukanda wa gome jekundu ulipanda mpaka kwenye majani. Ukuta ulikuwa umepangiwa baruti. Shemeji aliomba ruhusa kwa msimamizi, akajifunga kamba, na kwa wiki sita, kila baada ya kazi, aliifuata mizizi ndani ya mwamba kwa tindo na nyundo. Aliiteremsha mgongoni, mmoja mmoja, imefungwa magunia mabichi.

"Mdogo wangu," alisema alipoitua uani kwetu, "hii imemzidi babu yetu umri. Itunze."

Ndugu yangu, mume wangu akaitunza kikinyozi. Mmoja tuliupanda na udongo wake kwenye kasha la mbao, na huo ndio uliopona, kwa sababu tu kasha lilikuwa moja. Ule mwingine aliutia mkono wiki ile ile. Aliuosha mizizi kwa mpira wa maji kama anayemtoa mteja povu, akaondoa udongo wote wa mlimani hadi chembe ya mwisho, akauweka kwenye chungu bapa cha bluu. Kisha akaushukia kwa mkasi. Alizikata ncha zote, duara, sawasawa, juu na pembeni. Watu walikuja kuutazama, wakamvika kilemba cha ukoka, naye akavimba kichwa. Ncha zilipogeuka rangi ya kutu, alizikata tena.

Mwezi wa tano tangu hapo bwana shamba alirudi kutoka safari, akaukwangua ukanda wa gome kwa ukucha. Ndani palikuwa pakavu, rangi ya kahawia.

"Huyu alikufa siku ile ile uliyomwosha," alisema. "Mreteni haukwambii unapokufa. Unabaki kijani miezi na miezi, wewe unamwagilia tu. Nguvu yake iko kwenye majani, nawe umeyanyoa. Chakula chake kinaletwa na zile nyuzi nyeupe za ukungu kwenye udongo wake wa kwao, nawe umezisafisha. Ungefanya moja, labda ungesamehewa. Umefanya yote mawili siku moja."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, tulikuwa hatujamwona. Hakugomba. Alisema tu, "Kumbe muda wote huu ulikuwa unamnyoa maiti," akaondoka.

Mwezi uliofuata alikuja kula kwetu kama kawaida. Alinisalimia, alikula, alimuuliza mdogo wake habari za kazi. Ila kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na hakikunyolewa na mume wangu. Nani asiyejua mkono wa kinyozi mwingine? Visogo vyote vya mtaa huu vina chapa moja, na sasa kisogo cha ndugu yake wa damu kina chapa ya watu wa sokoni. Alikwenda huko miaka mitatu. Kila shemeji alipoinama kunawa, nilimwona mume wangu anatazama kile kisogo, na mimi roho iliniuma.

Ule mreteni wa kwenye kasha haukuguswa miaka yote hiyo. Mume wangu aliumwagilia, akauzungushia mwavuli jua lilipozidi, akautundika ule mkasi aliopewa na shemeji kwenye msumari wa juu, asiufikie bila kiti. Mti ukanawiri, ukawa na manyoya kila upande. Ila kasha likaanza kuoza. Maji yakawa yanasimama juu badala ya kushuka, na bwana shamba akasema mizizi itavunda. Lazima uhamishwe kabla haujachipua msimu ule, yeye akiwepo au asiwepo. Hakuwepo, alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti. Na ukuta wa machimbo ulishakuwa kokoto zamani. Mti mwingine wa kutoka pale haupo duniani.

Mume wangu alikwenda kwa kaka yake. "Kaka, nauhamisha Jumatatu. Nataka uwepo."

"Nitakuja kutazama," shemeji alisema.

Jumatatu hatufungui. Asubuhi mume wangu alipanga vitu vyake kwenye meza kama anayemngojea bwana harusi: chungu kipana kisicho na urembo, waya mbili zimepitishwa kwenye matundu ya chini, ndoo ya yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo watu husugulia visigino, ameyaponda na kuyachekecha vumbi. Aliniomba sindano yangu ya kufumia sweta. Shemeji alikaa kwenye ngazi, akakunja mikono.

Tulibomoa kasha ubao kwa ubao. Bonge la udongo lilisimama peke yake, limeshikwa na mizizi. Mume wangu alilizunguka mara tatu, kisha akachukua chaki ya fundi cherehani na kuchora mstari katikati. "Kushoto nafanya kazi," alisema. "Kulia sigusi. Kulia miaka mitatu ijayo, tukijaaliwa."

Aliuchambua upande wa kushoto kwa sindano, taratibu, udongo mkuukuu ukidondoka kidogo kidogo. Mimi nilinyunyiza mizizi isikauke, kwa kile kichupa anacholowanishia nywele za wateja. Mzizi mmoja mweusi uliooza aliukata. Chini yake zikatokea nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, na harufu ya msitu baada ya mvua. Sindano ikasimama. Aliziangalia sana. "Ndizo hizi," akasema, kama aliyekutana na mtu aliyewahi kumkosea, akaufunika ule upande kwa kitambaa kibichi.

Tuliuinua mti, tukauketisha, akaukaza kwa waya mpaka ukisukumwa haupepesuki. Alijaza mawe, akayashindilia kwa ncha ya sindano kila pembe isibaki nafasi ya hewa. Kisha alirudi nyuma hatua mbili autazame. Upande wa kushoto tawi moja lilikuwa limechomoza kama kiwiko cha mtu anayepita kwenye umati. Liliharibu umbo lote. Hata mimi nililiona.

Nilimwona na yeye ameliona. Vidole vikaanza kucheza. Akapanda kiti, akautoa mkasi kwenye msumari, akaja nao mpaka kwenye tawi. Nilitaka kupiga kelele, nikajikaza. Hili lilikuwa lake. Shemeji naye alikuwa amesimama.

Mkasi ukafunguka. Ukabaki wazi hivyo, sijui muda gani. Halafu mume wangu akaufunga, akageuka, akaunyosha kwa kaka yake kwa mikono miwili.

"Kaka, nishikie huu. Nikikuomba, usinipe."

Shemeji aliupokea, akautia mfukoni. Alituangalia tukimwagilia mpaka maji yakatoka safi chini ya chungu, akaenda zake. Mkasi akaondoka nao, na hakuna aliyemkumbusha.

Wateja walitucheka. "Punguza, huyu mbona umemwachia shungi? Au ni mkweo, unamwogopa?" Mume wangu alicheka nao. Kila asubuhi na kila adhuhuri aliacha kichwa cha mtu nusu akaenda uani kunyunyizia majani. Mti ulikuwa kijani, lakini ukijani wa mreteni tulishaujua uongo wake. Wiki ya kwanza kijani, ya nne kijani, ya saba kijani, na yeye anakonda.

Wiki ya tisa aliniita uani, akanivalisha miwani yake. "Angalia ncha. Usiseme mpaka uwe na hakika." Niliangalia. Kila ncha ilikuwa imetoa kitu kidogo laini, kijani cha maji, tofauti kabisa na majani ya nyuma yake. Vilikuwa mamia. Hata lile tawi la kiwiko lilikuwa navyo, tena lilizidi yote. Nililia bila kuona haya. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, nimemwona akifanya vizuri kazi nyingi za mkono. Siku hiyo nilijivunia kazi ambayo mkono wake haukuifanya.

Hatukumwambia mtu. Jumamosi, chumba kimejaa watu wa foleni, shemeji akaingia. Alipita moja kwa moja mpaka uani. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona ameinama, anagusa ncha moja kwa kile kidole chake kizito cha machimboni, kisha anakinusa. Aliporudi alitoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua mbele ya kioo. Ulikuwa ule mkasi, umenolewa. Akamtazama aliyekuwa anajiandaa kukaa, yule akampisha, naye akaketi.

"Punguza kidogo tu," alisema.

Mume wangu alimfunga kitambaa shingoni, akachukua mkasi. Alikata polepole, kitana na mkasi tu, mashine hakuigusa. Nilihesabu dakika kumi. Kisha akaweka mkasi chini, akampa kioo cha mkono, na kichwani mwa shemeji mlikuwa na nywele.

Shemeji aligeuza kichwa huku, akakigeuza na huku.

"Kushoto kumezidi," alisema.

"Najua, kaka," mume wangu akasema. "Nimekuacha."