Mume Wangu Yuko Ndani kwa Ng'ombe Wake Mwenyewe, na Aliyesababisha Namjua

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, huku Kilosa watu tunajuana. Nina miaka 29, mama wa watoto wawili. Kwetu ni wakulima wa milimani, Lumuma, nimeolewa na wafugaji huku tambarare. Ndoa yangu ni nzuri, sina la kulalamika.

Ng'ombe wetu wote wana zile hereni za kielektroniki. Afisa anasogeza mashine sikioni, inatokea namba na jina la mwenye ng'ombe. Wiki iliyopita mume wangu alimpeleka mnadani ng'ombe wetu mwekundu, aliyemlea tangu ndama. Mashine ikasema ng'ombe huyo alishauzwa kule Mikumi na akachinjwa. Mume wangu akacheka, akawauliza maafisa, "Aliyechinjwa ndiye huyu anayewapiga mkia?" Hakuna aliyecheka naye. Wakasema amevua hereni ya ng'ombe aliyechinjwa akamvisha wa wizi. Yuko mahabusu mpaka leo.

Niliposikia hivyo nikamkumbuka kaka yangu, fundi simu mjini Kilosa. Alipokuja kututembelea alizunguka zizini na kifaa kidogo mkononi, anakisogeza kwenye masikio ya ng'ombe. Nikamtania, "Unawapigia simu?" Akacheka, nikamletea maziwa. Juzi nimempigia. Akaanza kulia.

"Dada, ile hereni haina siri. Ni kama mtu anayeitikia marahaba kwa kila sauti, hata ya mwizi. Yeyote akiiuliza inamtajia namba. Mimi naichukua namba ile naiweka kwenye hereni tupu isiyo na namba, basi. Mashine ya mnadani nayo ikishapata namba haiulizi kingine. Kuna jamaa walikuwa wanazinunua, wanawavisha ng'ombe wa wizi, kama yule wa Mikumi. Nisamehe. Usinitaje, shemeji zako wataniua."

Na kweli watamuua. Shemeji zangu wameapa kwamba wakimpata aliyefanya haya hafiki polisi. Nimewaza kwenda kituoni mwenyewe, lakini habari za kituoni hufika nyumbani kabla sijarudi. Nikinyamaza, baba wa watoto wangu atafungwa bure. Wanasema damu nzito kuliko maji, lakini mume naye si maji jamani.

Leo asubuhi mama mkwe ameniita. Nimempa shikamoo, hakuitikia, na haijawahi kutokea tangu niolewe. Akasema, "Mwanangu, aliyefanya haya aliingia zizini kwetu. Mimi macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Ni mgeni gani umempa maziwa miezi hii?" Nikasema sikumbuki. Akanitazama sana. "Jioni wazee wanakuja. Utakumbuka mbele yao."

Sasa hivi yuko uani anaosha vibuyu vya maziwa ya kuwapokea wazee. Mtoto akilia nashtuka. Kaka yangu nampenda, mume wangu nampenda. Nyie mliokwisha kuyapitia makubwa, nisaidieni kabla jua halijazama: wazee wakiniuliza yule mgeni alikuwa nani, niwajibu nini?