Bibi wa Ndani ya Pikapu ya Mzee Vuai

Katika miaka yangu yote ya ufundi umeme wa magari, ni mteja mmoja tu aliyerudi akitaka niing'oe redio mpya inayofanya kazi, nimrudishie ile mbovu iliyokaribia kumuunguza. Ni Mzee Vuai wa Bwejuu. Nilimkatalia. Kueleza kwa nini nilimkatalia, lazima nianzie nilivyofundishwa.

Nilianza Malindi, mtaa wa hapa kisiwani ulio jirani na bandari, kwenye karakana iliyopokea magari yanayoshuka melini. Siku ya kwanza Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kipande cha waya, akaniambia ncha moja niiweke kwenye chanya ya betri, nyingine niigusishe kwenye chuma cha gari. Waya ulipata moto, ganda likayeyuka, nikautupa huku nikipuliza vidole.

"Umeuona?"

"Nimeuona, fundi."

"Waya bila fyuzi ni utambi. Ukimfungia mtu utambi, usimwambie umemfungia redio."

Fyuzi ni kijiwaya kilichowekwa makusudi kikatike kabla waya wenyewe haujapata moto. Hukaa karibu na betri, si karibu na redio, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda. Kabla ya yote unafungua hasi ya betri. Waya wa njano una umeme saa zote, ndio unaotunza saa na stesheni. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Mweusi huenda kwenye chuma cha bodi, kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Waya unapopenya bati, pale tunduni tia mpira, bati lisije likaukata.

Kutoka Malindi nilihamia karakana ya serikali. Mkuu wa Karakana alikuwa akipita na kuvuta kila kiungio kwa kidole. Kikichomoka aliuliza, "Hiki umekifunga au umekiegesha?" Unaanza upya, mbele ya wenzako. Mwisho nikafungua banda langu Amani, nikafanya kazi peke yangu. Fundi umeme kutwa kichwa chake kimo chini ya dashibodi. Watu huzungumza na miguu yake.

Mzee Vuai alikuja na pikapu ya Kijapani aliyokuwa akibebea mwani. Mwanawe aliyeko Muscat alimletea redio mpya, kwani iliyokuja na gari haikamati stesheni zetu nyingi. Nilipofungua dashibodi nikakuta waya wa njano umevutwa moja kwa moja kutoka betrini, fyuzi hakuna, ganda limebabuka. Nikafunga mpya kama nilivyofunzwa. Ile ya zamani niliijaribu mezani: kila nikiitilia fyuzi inayostahiki, ikishapata joto inaikata. Ndani ilikuwa na shoti, umeme unapita pasipotakiwa. Fundi aliyenitangulia alichoka kubadilisha fyuzi, akaiondoa.

Siku ya nne mzee akarudi.

"Shikamoo, Mzee Vuai."

"Marahaba. Fundi, yule bibi umempeleka wapi?"

"Bibi gani?"

"Wangu! Wa garini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kila asubuhi akizungusha ufunguo, redio ya zamani ilikuwa ikisema maneno machache ya Kijapani kwa sauti ya mwanamke. Tangu mkewe alipofariki, nyumbani kwake hakuna mwengine wa kumsemesha.

"Unajua anasema nini?"

"Sijui. Lakini namjibu. Namwambia nshaamka, nnakwenda pwani."

"Mzee, hii mpya utapata taarifa ya habari, utapata Kurani, utapata mpira..."

"Hao wanasema na watu wote."

Nikamwonyesha waya uliobabuka. Nikamwambia kwa fyuzi bibi hatadumu, na bila fyuzi gari litaungua, yeye mzee akiwamo ndani.

"Mbona yule wa mwanzo aliweza?"

"Alibahatisha, mzee. Na roho yako."

"Na wewe roho yangu umeiuliza inataka nini?"

Nikasema sifungi.

"Basi nipe changu."

Ilikuwa mali yake, nikampa. Akaiweka kwenye kiti cha abiria, taratibu, akaondoka na ile mpya ikiwa bado kwenye dashibodi.

Ningeweza kuzunguka Malindi kutafuta redio nyingine ya namna ile, isiyo na shoti, kwenye magari yanayochinjwa kwa vipuri. Sikutafuta. Nilishakuwa na jibu sahihi, nikaona yamekwisha.

Sasa nimestaafu, vidole havishiki tena nati ndogo. Wanangu wako Dar es Salaam, na mama yao amekwenda kulea wajukuu. Asubuhi nakohoa ili nyumba isikike ina mtu. Vijana wakija kuniuliza kazi, nawaambia fyuzi kwanza, na sitabadilisha hilo.

Mwezi uliopita dereva mmoja wa Bwejuu alinipitia. Akasema ameiona pikapu ya Mzee Vuai imesimama kando ya barabara, Jozani, vioo vimepandishwa, na mzee yumo ndani anazungumza.

"Na nani?"

"Peke yake."

"Redio ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

Nikamuuliza taa ya redio ilikuwa ya buluu, kama ile niliyoifunga mimi, au ya rangi ya chungwa, kama ile ya zamani. Rangi hakuiangalia. Nimepiga simu ya mzee mara tatu, inaita, haipokelewi.