Daktari wa Majani

Ofisi nzima ilimwita Daktari, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Kila Jumatatu aliingia ukumbi wa mapokezi kukagua mimea, amevaa koti lake jeupe, akipiga hatua kama anayewahishwa kwa mgonjwa mahututi. Aliinama mbele ya miti ya kwenye vyungu, akashika jani kwa ncha za vidole viwili, akaligeuza, akalinusa, akaguna. Udongo hakuugusa hata siku moja. "Kiu," alisema kila mara, kwa kila mti, kwa sauti ya kutoa pole. Majani yakazidi kugeuka njano na kupukutika, na lawama zote zikamwangukia mama mfagizi, ambaye moyoni alijua anavyomwagilia kila asubuhi kama alivyoagizwa.

Jumatatu moja, Daktari akiwa papo hapo, meneja alimwita mama mbele za watu. "Mama, kama kazi imekushinda, sema tutafute mwingine."

Mama aliweka ufagio chini, akakikumbatia chungu kikubwa, akakilaza ubavu. Maji meusi yaliyonuka uvundo yakatapakaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Daktari. Kitako cha chungu hakikuwa na tundu hata moja.

"Mizizi imeoza, baba," mama alimwambia meneja. "Mti huu haukuwa na kiu. Umezama."

Daktari alikunja suruali taratibu. "Kama nilivyoshuku tangu mwanzo," alisema, kisha akachomoa tambara kwenye ndoo ya mama, akamkabidhi mama apanguse.

Meneja alilichukua tambara mkononi mwa mama, akamrudishia Daktari.