Wimbo Nilioufuta kwa Kijicho

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio yananiwaka moto, na hizi mvi unaziona mwenyewe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, ndiyo kwanza nimerudi Kigali kutoka Bujumbura nilikozaliwa na kukulia, nikiishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Niboye. Siku hiyo, mchana kweupe, niliumbuka mbele ya watu kumi na wawili, na kilichoniumbua ni wivu. Sijamsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia kwamba wewe na mwenzako Patriki hamsemezani, wiki ya pili sasa, kwa ajili ya albamu mpya ya ile bendi ya wazee wa magitaa. Mama yako anacheka, anasema ni mambo ya vijana. Mimi sicheki.

Bendi hiyo hiyo, sha, ndiyo iliyoniponza na mimi.

Kigali ya siku zile ilikuwa imejaa watu waliorudi kutoka kila upande, wakimbizi wa zamani na watoto wao waliozaliwa ugenini. Sisi wa Bujumbura tulikuja na Kifaransa chetu, wa Kampala na Kiingereza chao, na wa Tanzania walituona sote hatujui kuongea. Kinyarwanda kila mmoja alikisema kwa namna yake na kila mmoja alichekwa. Basi tukikutana tuliongea Kiswahili, hiki hiki cha kuungaunga. Na tulikuwa na kikundi chetu cha wapenda magitaa makali, tukikutana kila Jumapili baada ya misa ya pili, sebuleni kwa Muzehe Bonavantura, mwalimu mstaafu aliyekuwa akipiga kinanda parokiani. Alikuwa na deki ya kaseti na spika mbili kubwa ambazo mkewe alizitandikia vitambaa vya kufuma na kuweka maua juu yake.

Muzehe alikuwa na sheria moja, na hakuwa na mchezo nayo. Wimbo ukianza, hakuna kusema, hakuna kusimama, hakuna kugusa mashine mpaka uishe. Hata mgeni akipiga hodi alisubiri nje. Wimbo ukiisha, mwenye kuutetea anasimama na kuutetea, halafu wengine wanamrukia. Alisema mtu aliyehangaika kutengeneza wimbo anastahili angalau kusikilizwa mpaka mwisho, hata kama ameuharibu.

Mjuzi wa kikundi kile nilikuwa mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Shemeji yangu alikuwa Brussels, akinitumia kaseti ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Nilikuwa na kiti changu, kile cha karibu na spika, na mtu akitaka kujua nani alipiga ngoma kwenye albamu gani, ananigeukia mimi. Utamu wa kugeukiwa, mwanangu, usiombe kuuzoea.

Kisha nikamleta Kalisa. Mwenyewe, kwa mkono wangu. Kalisa alikuwa fundi umeme aliyekulia Kampala, akifunga nyaya kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa Kinyinya. Tulijuana kwenye foleni ya maji, tukabishana kuhusu mpiga gitaa fulani mpaka madumu yetu yakarukwa. Tangu siku hiyo akawa ndugu. Alikuwa anakula kwa shangazi kama mtoto wa nyumbani, na tulikuwa tunabishana kutoka mlangoni hadi kituo cha basi, akisahau kupanda basi. Sijawahi kufurahia kubishana na mtu kama nilivyofurahia na yeye.

Shemeji akanitumia kaseti ya bendi ile. Albamu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Upande wa kwanza nyimbo nne za moto, magitaa yananguruma, mwimbaji anapiga ukelele kama enzi zake. Ukigeuza, unakuta kinanda, unakuta kwaya ya watoto, na mwisho kabisa wimbo mmoja mrefu wa polepole ambapo mzee yule anaimba kwa sauti iliyokauka, karibu ananong'ona. Kikundi kikapasuka katikati. Wa Kampala wengi walisema bendi imezeeka, ingeishia upande wa kwanza ikaenda kulala. Wa Bujumbura wakasema hapana, ndiyo imekua. Mmoja alisema kwaya ile wangemwachia padri. Kelele zilikuwa nyingi mpaka mke wa Muzehe akaja kutoa maua yake juu ya spika.

Mimi nilijitia ukali. Nilisema mbele ya wote kwamba upande wa pili ni nyimbo za kubembelezea watoto, na ule wa mwisho ndio mbaya kuliko yote. Watu wakacheka, nikafurahi. Lakini nyumbani nilikuwa nikiusikiliza wimbo ule peke yangu, sikio kwenye redio, mpaka shangazi akaniuliza kama ninaumwa. Niliupenda kupita kiasi. Nilishasema neno langu, basi, nikaona haya kulirudisha.

Kalisa yeye alisimama Jumapili ile akasema taratibu, "Mimi nasikia mtu amechoka kupiga kelele. Hajashindwa, amechoka tu, na anatuambia. Hii wimbo iko na ukweli."

Muzehe akasema turudishe tuusikie tena. Mwanangu, kwa muda wote niliokuwa mjuzi pale, hakuna aliyewahi kutaka kurudia kusikia wimbo kwa sababu ya maneno yangu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kile kile nilichokuwa nakisikia mimi, nikakosa maneno yake. Wiki iliyofuata nikachelewa kidogo kufika, nikamkuta Kalisa amekalishwa kwenye kiti changu. Alinyanyuka kunipisha. Nikamwambia kaa tu, huku roho inanichoma. Nikaanza kumwonea kijicho kwa kila kitu: anavyocheka, shangazi anavyomwongezea chakula, hata Muzehe anavyolitamka jina lake.

Muzehe akapanga siku ya hukumu. Mimi nitetee upande wa kwanza, Kalisa atetee upande wa pili, kisha wote waamue kama albamu ni nzuri au mbaya. Kaseti ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwangu hadi Jumamosi, halafu Kalisa angeichukua kujiandaa na kuileta Jumapili.

Ijumaa mchana nilikaa chumbani na redio kaseti yangu, ile yenye maikrofoni ndogo ubavuni. Unajua, kaseti za dukani zilikuwa na vitundu juu vya kuzuia mtu asirekodi juu yake. Ukivijaza karatasi, inakubali. Nikavijaza. Nikaipeleka mpaka mwanzo wa wimbo ule wa mwisho, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikaiacha irekodi kimya. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi na chafu: kaseti imelala kwa Kalisa, basi watasema Kalisa amebonyeza vibaya akafuta wimbo, na mtu anayefuta kaseti ya mwenzake hapewi kiti. Sikuwa na saa, kwa hiyo niliufuata wimbo kichwani, mstari kwa mstari, nijue umefika wapi ili nizime kwa wakati. Shangazi aliniita mara moja, nikamjibu. Nilipomaliza nikatoa karatasi. Sikutaka hata kurudisha nisikilize, nikatoka kwenda uani kumsaidia shangazi.

Jumapili ikafika. Usiku wa Jumamosi umeme ulikuwa umekatika kwao kabla Kalisa hajaufikia wimbo wa mwisho. Nilitetea upande wangu vizuri, wakanipigia makofi. Kalisa akageuza kaseti, na nyimbo za mwanzo zikapita salama. Halafu ukaja ule wa mwisho, na badala ya kinanda tukasikia kuku. Kuku wa shangazi, uani. Kalisa akashika kichwa, akanitazama mimi, mwenye kaseti, kwa uso wa mtu anayetaka kuomba radhi. Nami nikakunja uso, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Kisha kwenye zile spika kubwa mtu akaanza kuimba mguno. Mmm, mmm, mmm. Polepole, kwa kubembeleza, tangu mwanzo wa kinanda. Akaingia kwenye maneno, akayanong'ona yote bila kukosea. Gitaa lilipotakiwa kuingia, akalipiga kwa mdomo. Nilikuwa bado najiuliza ni nani huyu ndipo ikasikika sauti ya shangazi kutoka mbali: "Silvesta! Njoo unisaidie kuchambua maharage." Na mwimbaji akajibu, "Nakuja, shangazi," akaendelea pale pale alipoachia.

Hakuna aliyecheka, mwanangu. Hakuna aliyesimama. Sheria ya Muzehe ilikuwa wimbo usikilizwe mpaka mwisho, na ulisikilizwa. Watu kumi na wawili waliketi wakanisikiliza nikiuimba wimbo niliousema ni mbaya kuliko yote, huku ninaufuta ili mwenzangu aumbuke. Ulikuwa wimbo mrefu sana. Nilitazama sakafu, jasho linanitoka mgongoni, nikatamani ardhi inimeze na kiti changu.

Ulipoisha, ilikuwa zamu ya mtetezi. Kalisa akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sina cha kutetea," akasema. "Huyu anaujua kuliko mimi."

Akachukua koti lake, akamuaga Muzehe kwa mikono miwili, akatoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Muzehe alinibakisha. Nilidhani atanifukuza, lakini aliitoa kaseti taratibu akanipa.

"Silvesta, ungekuwa huupendi, ningekuelewa," alisema. "Lakini unaupenda, na umekubali uukose wewe mwenyewe ili tu mwenzako asiwe nao. Hiyo njaa yako nani ataishibisha?"

Jumatatu nilikwenda Kinyinya kwa miguu, nikamkuta Kalisa juu ya ngazi, nikamwomba radhi mbele ya mafundi wenzake. Akashuka, akanikumbatia. Alinisamehe pale pale, wala sina shaka kwamba alinisamehe kwa kweli. Lakini tangu siku hiyo hakubishana nami tena. Nikisema bendi hii nzuri, anasema ndiyo. Nikisema mbaya, anasema ndiyo. Siku za mwanzo nilidhani ni hasira, itapita. Haikuwa hasira. Aliona tu kwamba kunionyesha anachokipenda si salama, akaacha.

Wimbo wenyewe upo, mwanangu. Uko kwenye simu yangu, naupata hata nikiwa ghalani Masoro nasubiri malori. Kalisa naye yupo hapa hapa mjini. Jumamosi ya umuganda iliyopita, mtaa mzima ulipotoka kufanya usafi, tulikuwa naye kwenye mtaro mmoja, tunafyeka majani. Nikamchokoza. Nikamwambia wazee wale wametoa albamu mpya, nusu nzuri nusu takataka, nikataja na wimbo ambao najua lazima ameupenda, nikauponda makusudi. Nilikuwa namwomba anirukie. Akaegemea mpini wa jembe, akatabasamu vizuri kabisa.

"Ni sawa, ndugu yangu," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Niliinama nikaendelea kufyeka ili asinione.

Sasa nisikilize. Sijali kama albamu ile ni nzuri au mbaya, na huenda wewe na Patriki nyote mmekosea. Ninachokuuliza ni hiki: unaichukia, au unachukia kwamba watu wanampongeza Patriki anavyoielezea? Jibu ulijue wewe moyoni, usinijibu mimi. Kama ni hilo la pili, ukae ukijua wivu huwa hauishii kwenye wimbo. Unaanza kwa kukufanya useme uongo juu ya kitu unachokipenda, halafu unautuma mkono wako. Na mtu anayebishana nawe juu ya anachokipenda amekuamini sana, maana amekuonyesha mahali anapoweza kuumia. Ukimuumiza hapo mara moja, atakusamehe na atakusalimia vizuri maisha yako yote, lakini hatakuonyesha tena.

Nenda kwa Patriki leo, kabla hamjazoea kunyamaza. Mwambie akupigie ule wimbo anaoupenda, na wewe usifungue mdomo mpaka uishe. Ukiisha, kama bado ni mbaya, mwambie ni mbaya, naye akurukie, mpigiane kelele mpaka mama yako aje kuwafukuza sebuleni. Imana iwalinde nyote wawili, mwanangu, na iwape miaka mingi ya kubishana.